Kabla ya Kutafuta Kompyuta Mia, Ipime Moja

Wanafunzi wa uzamili wanaoniomba niwasimamie katika utafiti wa mifumo sambazwa (kompyuta nyingi zinazofanya kazi moja kupitia mtandao) na mifumo ya vichakataji vingi huanza karibu wote kwa swali moja: tutapata wapi kompyuta za kutosha? Wana haki ya kuuliza, kwa kuwa maabara nyingi za vyuo vyetu hazina mitambo mikubwa, lakini nimezoea kuwajibu kwa swali jingine. Programu yako inachukua sekunde ngapi ikiendeshwa kwenye kiini kimoja cha kichakataji, tena ikiwa imeandikwa na mtu aliyekusudia iende mbio? Asiye na jibu la swali hilo hana cha kulinganisha nacho, hata akipewa seva mia.

Mwaka 2015 Frank McSherry, Michael Isard na Derek Murray walichapisha makala fupi ambayo huwapa wanafunzi wangu waisome kabla ya kitu kingine chochote. Walichukua kazi za kuchambua grafu, yaani mitandao ya vitu na viungo vyake, ambazo mifumo mikubwa ilikuwa ikijivunia, wakaziandika upya katika programu rahisi yenye uzi mmoja wa utekelezaji (yaani inayofuata maagizo yake kwa mfuatano mmoja tu), kisha wakaiendesha kwenye kompyuta ya mkononi. Programu hiyo iliishinda baadhi ya mifumo iliyokuwa ikitumia viini 128. Mifumo iliyoshindwa haikuwa mibovu, na kila ilipoongezewa viini kasi yake ilipanda kweli. Ila sehemu kubwa ya kazi iliyokuwa ikigawana ni mzigo ambao mfumo wenyewe ulikuwa umeuleta, yaani kupanga data upya, kutuma ujumbe na kusubiriana. Kwa hiyo ninapopokea rasimu yenye mchoro wa mstari unaopanda vizuri, jambo la kwanza ninalolitafuta ni pale mstari ulipoanzia. Mwandishi anayelinganisha viini 32 na toleo lake mwenyewe la polepole amejipimia kwa kipimo alichokitengeneza yeye.

Hesabu ya Gene Amdahl ya mwaka 1967 nayo inafaa ifanywe kwenye karatasi kabla ya kununua chochote. Ikiwa asilimia 5 ya muda wa programu hutumika kwenye sehemu isiyogawanyika, viini 16 vitaongeza kasi mara 9 hivi, viini 64 mara 15 hivi, na hata ukivijaza vichakataji chumba kizima hutafika mara 20 (wauzaji wa seva watanisamehe). John Gustafson alijibu mwaka 1988 kwamba mtu mwenye mtambo mkubwa kwa kawaida huupa tatizo kubwa zaidi, na hoja yake ni ya haki. Ila tasnifu ieleze wazi kama ukubwa wa tatizo ulibaki vilevile au ulikua pamoja na mtambo, kwani matokeo ya hali hizo mbili hayawekwi kwenye jedwali moja.

Pale ambapo kuongeza nyuzi kunaifanya programu izidi kuwa nzito, nimejifunza kushuku kumbukumbu kabla ya kushuku algorithimu. Vichakataji vingi vya kompyuta zetu husafirisha data kati ya kumbukumbu kuu na kache (kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kiini) kwa mafungu ya baiti 64, na ndani ya fungu moja hutosha vihesabio vinane vya baiti nane kila kimoja. Ukizipa nyuzi nane kila moja kihesabio chake, zote zikaandika kwa wakati mmoja, fungu hilo litakuwa likinyang'anywa kutoka kiini hadi kiini, ingawa katika msimbo hakuna uzi unaogusa cha mwenzake. Kuusoma msimbo hakutakuonyesha lolote. Zana ya perf, ya kupima utendaji wa programu kwenye Linux, itakuonyesha, na tiba yake mara nyingi ni kuvitenganisha vihesabio ili kila kimoja kikae kwenye fungu lake.

Kwa upande wa mifumo sambazwa, kompyuta moja bado inaweza kukufikisha mbali. Unaweza kuendesha nakala tano za programu yako juu yake, ukatumia netem ya Linux kuchelewesha na kupoteza baadhi ya ujumbe, kisha ukaua nakala moja katikati ya kazi. Matokeo ya majaribio hayo yatumie kuhakiki usahihi tu. Usiyaandike kamwe kama takwimu za kasi, kwa sababu nakala zote zinagombania kichakataji kimoja.

Zingatia zaidi muda wa kusubiri kabla ya kompyuta moja kuamua kwamba mwenzake amekufa. Fischer, Lynch na Paterson walithibitisha mwaka 1985 kwamba ujumbe usipokuwa na kikomo cha ucheleweshaji, hata hatari ya kompyuta moja tu kuzimika inatosha kuzuia algorithimu yoyote isiyotumia bahati nasibu kuhakikisha maafikiano kati ya kompyuta, na kiini cha ugumu huo ni kwamba aliyekufa na aliyechelewa hawatofautishiki. Waandishi wa Raft, algorithimu ya maafikiano, mwaka 2014, walipendekeza kusubiri milisekunde 150 hadi 300, na wanafunzi wengi huzinakili namba hizo bila kuuliza zinafaa mtandao gani. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri kilomita 200 hivi kwa milisekunde. Kati ya Dar es Salaam na London kuna zaidi ya kilomita 7,000, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70, na nyaya za baharini hazifuati njia iliyonyooka.

Unapopima muda huo, usitoe saa ya seva moja kwenye saa ya seva nyingine. Saa mbili hazikubaliani kikamilifu, na tofauti yake inaweza kuwa kubwa kuliko kile unachokipima. Anza na umalizie kwenye saa ya mashine iliyotuma ujumbe, rudia jaribio mara nyingi, na pamoja na wastani uripoti pia majibu yaliyochelewa kuliko yote, kwa sababu mtumiaji anayelalamika huwa ni yule aliyepata hayo.