Kabla hujachomeka waya wa data wa BMS

Fundi anayefunga sola ya friji za samaki, iwe Kirumba au Igombe, huuheshimu waya mnene wa betri na kuudharau ule mwembamba wa data, unaopeleka taarifa kati ya inveta na BMS, yaani saketi inayolinda betri. Tuuogope huo mwembamba.

BMS nyingi hukata umeme upande wa hasi: B- inatoka kwenye betri, P- inaenda kwenye inveta. Pini ya GND (hasi) ya data mara nyingi imeungwa na B-. Seli moja ikiisha, BMS inakata, na kwenye betri ya lithiamu ya LiFePO4 ya seli 16 tofauti kati ya B- na P- inaweza kufika volti 50 hivi. Kama GND hiyo imegusana na hasi ya inveta, umeme wote wa friji unapita humo. Ganda linayeyuka, mlango wa data unaungua, na betri inaendelea kunyonywa ilhali BMS imeshakata.

Tumia adapta ya RS485 au CAN (aina mbili za mawasiliano ya data) yenye utengo, yaani pande zake mbili hazigusani kwa umeme. Usiamini maandishi ya boksi: ikiwa haijaunganishwa popote, pima ukinzani kati ya GND zake mbili. Mita isisome njia yoyote. Na usizilishe pande zote mbili kwa chanzo kimoja cha umeme, maana utengo unakufa hapo hapo.

Pima pia kila pini ya BMS dhidi ya B- kabla ya kuchomeka. Baadhi zina pini yenye volti zote za betri, na mpangilio wa pini kwenye plagi ya RJ45, ile kama ya waya wa intaneti, hutofautiana kwa kila mtengenezaji.

Nyaya za data, A na B za RS485, au H na L za CAN, zipite kwenye pea moja iliyosokotwa. CAN inahitaji rezista ya omu 120 kila mwisho. Ukizima vyote na kupima H kwa L, upate 60 hivi. Ukipata 120, rezista moja haipo. A na B zikigeuka hakuna kinachoungua, zibadilishe tu. Unyevu wa ziwa huotesha kutu ya kijani kwenye plagi, kwa hiyo waya uingie boksini kwa chini.

Mwisho, zima paneli, mzigo na umeme wa gridi, kisha zima utoaji kwenye programu ya BMS. Subiri dakika kadhaa inveta imalize umeme uliobaki, halafu pima B- kwa P-. Ikisoma karibu sifuri, kisha volti zikapanda ukichomoa data, hasi imepata njia kupitia waya huo. Usiurudishe.