Fundi Anajibu: Seva ya nyumbani inapohama

Barua za safari hii nyingi zimetoka Tanga, na karibu zote zinahusu kompyuta ya nyumbani iliyofanywa seva ya filamu na muziki, ambayo sasa inahamishwa au inakaribia kufa. Majibu yanachukulia kwamba unatumia Jellyfin, programu ya seva ya filamu na muziki, juu ya Ubuntu au Debian (aina za Linux), na kwamba uliiweka kwa apt, amri yao ya kuweka programu. Kila amri isome mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, maana ukiwa na sudo (ruhusa ya msimamizi) Linux haikuulizi kama una hakika.

Wataalamu, salaam. Nina kompyuta ya mezani ya zamani yenye Jellyfin na diski ya terabaiti 2 iliyojaa filamu, katuni za watoto na taarab. Taarab nimeipanga mwenyewe: waimbaji, miaka, picha za kava. Sasa nimenunua kompyuta ndogo isiyokula umeme na diski ya nje ya terabaiti 4. Nilinakili faili zote na kuweka Jellyfin upya, lakini kila kitu kikawa kigeni. Majina niliyosahihisha hayapo, watoto hawaoni walipoishia, hata akaunti zao zimepotea. Nihame vipi bila kuanza moja? — Msomaji wa Chumbageni

Ndugu yetu, ulihamisha vyombo ukaliacha daftari. Video na nyimbo ni mzigo tu. Masahihisho yako, akaunti za watoto na dakika waliyoishia vinakaa kwenye hifadhidata ndani ya /var/lib/jellyfin, na mipangilio inakaa /etc/jellyfin. Hizo folda mbili ndizo zinazohama. Ile ya tatu, /var/cache/jellyfin, iache, inajitengeneza yenyewe.

Anza na toleo. Kwenye kompyuta zote mbili andika:

dpkg -l | grep jellyfin

Namba zifanane. Hifadhidata ya Jellyfin inapanda toleo lakini haishuki, na toleo la 10.11 limeipanga upya kwa kiasi kikubwa. Kwa kuwa apt itakupa toleo jipya kwenye kompyuta mpya, njia nyepesi ni kuchukua bakapu ya ile ya zamani kwanza, kuipandisha toleo hukohuko, kuhakikisha inafanya kazi, ndipo uhame. Ukihama na kupanda toleo kwa pamoja, kitu kikikwama hutajua kosa limetoka upande gani.

Pili, zima Jellyfin kabla ya kunakili:

sudo systemctl stop jellyfin
sudo tar -czf /mnt/bakapu/jellyfin.tar.gz /var/lib/jellyfin /etc/jellyfin

Kuzima si adabu tu. Hifadhidata hii ni ya SQLite, na ikiwa hai huandika mambo mapya kwanza kwenye faili la pembeni linaloishia na -wal. Ukinakili wakati inaandika, unaweza kupata kichwa cha saa nane na kiwiliwili cha saa nane na dakika moja. Faili litafunguka leo na kulalamika kesho. Tar itakuambia imeondoa mkwaju (/) wa mwanzo kwenye majina ya faili. Hilo si kosa. Kama unaandika kwenye flashi, angalia umbizo lake: FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, na bakapu yenye picha nyingi za kava inafika huko bila shida.

Sasa mzigo. Diski mpya ipe ext4, umbizo la Linux, usiiache na exFAT iliyokuja nayo dukani, kwa sababu exFAT haihifadhi mmiliki wala ruhusa za faili. Kama hujui jina la diski, lsblk itakuonyesha. Badala ya sdX1 weka jina sahihi, kwani hapa ukikosea herufi umefuta diski nyingine:

sudo mkfs.ext4 -m 0 -L filamu /dev/sdX1

Hiyo -m 0 ina faida yake. Ext4 kwa kawaida hutengea mfumo asilimia 5 ya nafasi, na kwenye terabaiti 4 hiyo ni gigabaiti 200 za kukaa bure. Kwenye diski ya filamu tu, zichukue.

Diski mpya ipachike kwenye kompyuta ya zamani, tuseme kwenye /mnt/mpya, kisha nakili:

sudo rsync -aH --info=progress2 /mnt/filamu/ /mnt/mpya/

Mkwaju wa mwisho wa /mnt/filamu/ usiusahau. Bila huo utapata folda ya filamu ndani ya diski mpya badala ya vilivyomo. Muda unategemea tundu: USB 3, mara nyingi lenye rangi ya buluu ndani, hutoa kama megabaiti 110 kwa sekunde kwa diski ya kuzunguka, na terabaiti 2 zinaisha kwa saa tano hivi. USB 2 hutoa kama 35, kwa hiyo jitayarishe kwa saa 16. Umeme ukikatika katikati, rudia amri ileile. Rsync itaruka zilizokwisha. Itaacha faili fichu lenye nukta mwanzoni na herufi za ajabu mwishoni mwa jina, mabaki ya lile lililokatika. Litafute kwa ls -a ulifute.

Sehemu inayowaangusha wengi ni njia ya folda. Hifadhidata inaandika anwani kamili ya kila faili. Kama zamani ilikuwa /mnt/filamu, na kwenye kompyuta mpya iwe /mnt/filamu, herufi kwa herufi, kubwa na ndogo. Pata namba ya diski kwa sudo blkid, kisha ongeza mstari huu kwenye /etc/fstab, orodha ya diski za kupachika kompyuta inapowaka:

UUID=namba-yako /mnt/filamu ext4 defaults,nofail 0 2

Sasa weka Jellyfin kwenye kompyuta mpya, izime kabla hujajibu maswali yake ya mwanzo, sogeza folda zake tupu pembeni, kisha fungua bakapu:

sudo mv /var/lib/jellyfin /var/lib/jellyfin.tupu
sudo mv /etc/jellyfin /etc/jellyfin.tupu
sudo tar -xpzf /mnt/bakapu/jellyfin.tar.gz -C /
sudo chown -R jellyfin:jellyfin /var/lib/jellyfin /etc/jellyfin

Kabla ya kuwasha, jaribu kuingia kwa jina la Jellyfin mwenyewe:

sudo -u jellyfin ls /mnt/filamu

Ukiona orodha, washa. Ukiona Permission denied, usiwashe kwanza. Sababu ya kawaida ni diski kupachikwa chini ya /media/jina-lako, mahali ambapo Ubuntu humruhusu mwenye jina hilo peke yake. Wewe unaona filamu zote, Jellyfin haoni kitu. Ndiyo maana tunasisitiza /mnt.

Mambo mawili yatabaki. Kama ya zamani ilitumia kadi ya NVIDIA kubadilisha video na mpya ina Intel, mpangilio wa zamani umehama nao, na video zinazohitaji kubadilishwa zitagoma. Uchague upya kwenye sehemu ya Playback, uongeze ruhusa kwa sudo usermod -aG render jellyfin, kisha uwashe upya. Na televisheni itaendelea kuitafuta anwani ya zamani, kwa hiyo kwenye ruta ipe kompyuta mpya anwani ileile, ukiwa umeizima ya zamani. Hiyo ya zamani usiifute kwa wiki mbili au tatu. Watoto watagundua kilichokosekana kabla yako.

Habari zenu. Kila usiku saa nane seva yangu hunakili kwenda diski ya nje iliyopachikwa /mnt/bakapu. Wiki hii kompyuta inasema diski ya mfumo imejaa asilimia 100, na diski ya nje haina kitu kipya tangu mwezi uliopita. Nimetafuta kilichojaza nafasi sikioni. — Mama wa Ngamiani

Salama, mama. Kilichojaza ni bakapu yenyewe. Siku moja diski ya nje ilichomoka au haikuamka umeme uliporudi. Lakini /mnt/bakapu ni folda ya kawaida kwenye diski ya mfumo, ipo hata diski isipokuwapo, na rsync ikaandika humo bila wasiwasi. Kisha diski ikapachikwa tena juu yake, ikazifunika zile faili kama mkeka juu ya shimo. Ndiyo maana huzioni. Ondoa mkeka utazame:

sudo umount /mnt/bakapu
sudo du -sh /mnt/bakapu

Ukikuta gigabaiti nyingi, ndizo hizo. Hakikisha kwa lsblk kwamba diski ya nje kweli haijapachikwa, ndipo ufute. Folda ikiwa tupu, na diski bado haijapachikwa, ifunge isiandikwe tena:

sudo chattr +i /mnt/bakapu

Diski ikipachikwa juu yake itaandikika kama kawaida. Ikikosekana, rsync itapata kosa na kuacha. Halafu badilisha mstari wa cron, ile ratiba inayoendesha bakapu yako kila usiku:

mountpoint -q /mnt/filamu && mountpoint -q /mnt/bakapu && rsync -aH --delete /mnt/filamu/ /mnt/bakapu/

Tumekagua pande zote mbili makusudi, maana upande wa pili ni mbaya zaidi. Diski ya filamu ikikosekana, rsync itaona folda tupu, na hiyo --delete itaifanya bakapu iwe tupu vilevile. Afadhali kujaza diski ya mfumo mara kumi kuliko hilo kutokea mara moja. Kama unaogopa --delete, na ni haki yako, iondoe. Bakapu itabaki na vitu ulivyokwisha kufuta, basi.

Jellyfin nayo uizuie isiwake bila diski. Andika sudo systemctl edit jellyfin, weka mistari hii miwili, hifadhi:

[Unit]
RequiresMountsFor=/mnt/filamu

Vijana wangu, salaam. Diski yangu ina taarab niliyoingiza kutoka kwenye kaseti, Black Star, Lucky Star na nyingine ambazo kaseti zake zimekwisha kuoza. Sasa inatoa mlio wa tik-tik na kunakili kunakwama. Mjukuu anataka kuiendesha fsck. — Mzee wa Raskazone

Shikamoo mzee. Mwambie mjukuu asiiguse hiyo fsck. Kazi yake ni kusahihisha mpangilio wa faili, na huandika kwenye diski. Diski inayokufa haitakiwi kuandikwa hata herufi. Izime sasa hivi mpaka upate diski nyingine ya ukubwa uleule au zaidi.

Kabla ya kukata tamaa, tazama kebo. Hewa ya bahari ya Raskazone hula vikonyo vya shaba, na mgusano mbovu unaweza kufanana na ugonjwa wa diski. Badilisha kebo, kisha mjukuu asome:

sudo smartctl -a /dev/sdb

Kama UDMA_CRC_Error_Count ndiyo inayopanda, ni kebo au tundu. Kama Current_Pending_Sector au Reallocated_Sector_Ct zina namba na zinaongezeka, diski inakufa kweli. Na mlio wa tik-tik unaojirudia mara nyingi ni kichwa cha kusomea kinachotafuta njia, kwa hiyo usitarajie ni kebo peke yake.

Chombo cha kuokolea ni ddrescue, ambacho kwenye Ubuntu huwekwa kwa jina la gddrescue. Tuseme sdb ndiyo mgonjwa na sdc ndiyo mpya, na tupu:

sudo ddrescue -f -d -n /dev/sdb /dev/sdc okoa.map
sudo ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sdc okoa.map

Amri ya kwanza inavuna palipo pazima bila kung'ang'ania palipooza. Ya pili inarudi kwenye vidonda mara tatu. Faili la okoa.map likae kwenye diski ya tatu, maana ndilo linalokumbuka kazi ilipofika umeme ukikatika. Ukigeuza sdb na sdc umefuta urithi wako, kwa hiyo wawili wahakikishe kwa lsblk, wakilinganisha ukubwa na namba iliyobandikwa kwenye diski. Kunakili kukiisha, hiyo fsck iendeshwe kwenye nakala.

Kama diski haionekani kabisa kwenye lsblk, au inatik muda wote bila kusoma, hakuna amri itakayosaidia. Ni kazi ya maabara ya kufungua diski, na kila dakika unayoiwasha nyumbani inapunguza watakachokikuta.

Nina diski mbili kwenye RAID 1. Bado nahitaji bakapu? — Makorora

Unahitaji. RAID 1 huandika kitu kilekile kwenye diski zote mbili, kwa hiyo inakukinga diski moja ikifa. Mtoto akifuta folda, inafutwa kwenye zote mbili papo hapo. Mwizi akibeba kompyuta, anabeba zote mbili.

Nataka nakala moja iwe nje ya nyumba. Nimefikiria kuipandisha intaneti. — Msomaji wa Pangani

Piga hesabu kwanza. Terabaiti 2 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni siku 37 mfululizo, bila kukatika, na bando juu yake. Intaneti iachie lile faili la jellyfin.tar.gz na rekodi zako ambazo hazipatikani kokote. Filamu zinazopatikana tena zisikutie gharama.

Kwa zilizobaki, nunua diski mbili za nje. Moja ikae kwako, nyingine kwa ndugu Muheza au Korogwe, na mkibadilishana kila mwezi anayesafiri anaibeba. Ifunge kwa nenosiri kwa LUKS (kufuli la diski la Linux) kama ina picha za familia, na nenosiri liandikwe kwenye karatasi inayokaa nyumbani kwako, si kwenye boksi la diski. Ihifadhi kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Vingi vimeshalowa vinapokufikia, kwa hiyo weka vitano au sita.

Kila inaporudi kwako, kabla ya kuandika kipya, ilinganishe na ya nyumbani:

rsync -nrc --itemize-changes /mnt/filamu/ /mnt/bakapu/

Hiyo -n inaizuia isibadilishe kitu, na -c inasoma kila faili mwanzo hadi mwisho kwenye diski zote mbili, kwa hiyo iache usiku kucha. Faili za zamani ambazo hujazigusa zikijitokeza kwenye orodha, usinakili juu yake kabla hujazicheza za pande zote mbili ukajua ni upi ulioharibika.