6532 haiingii moja kwa moja kwenye soketi ya 6530 ya KIM-1

Umeuliza kama chipu ya 6532 inaweza kuchukua nafasi ya 6530 iliyokufa kwenye KIM-1, kompyuta ya zamani ya bodi moja. Hapana mkuu, usiichomeke hivyo hivyo. Zote zina miguu 40 lakini mpangilio wa miguu haufanani, na kubwa zaidi, 6532 haina ROM (kumbukumbu ya kudumu ya programu) ndani. Kwenye KIM-1 ya 1976 kila 6530 imebeba kilobaiti 1 ya programu iliyochongwa kiwandani: ile ya 6530-002 inaendesha vitufe na tarakimu 6 za taa, ya 6530-003 inasoma na kuandika kaseti. Ukiweka 6532 tupu, bodi inawaka tu, tarakimu kimya.

Wanaochora bodi upya huweka 6532 pamoja na EPROM moja (chipu ya kumbukumbu unayoweza kuiandikia mwenyewe) yenye programu zote mbili, na chipu kidogo za kugawa anwani. Ndivyo nilivyofanya kwenye yangu.

Na kama prosesa ni W65C02S, toleo jipya la 6502 ya KIM-1, angalia mguu wa 1. Kwenye 6502 ya zamani ni ardhi, kwenye hii ni njia ya kutoa ishara. Mimi niliukunja nje kwa koleo ndogo kabla ya kuibana kwenye soketi. Mguu wa 36 nao upe volti 5, la sivyo haizungumzi na kumbukumbu kabisa.