Nyonga bandia: chuma gani, plastiki gani, na itakaa mpaka lini? Majibu ya maswali yenu

Maswali ya nyonga yamejaa, mengi yanafanana, kwa hiyo nimeyabana yakawa haya manane, twende.

Wanatoa mfupa wote wa paja au?

Hapana jamani, mfupa wa paja unabaki palepale. Kinachokatwa ni kile kichwa cha duara cha juu na kipande cha shingo yake. Afu daktari anatengeneza nafasi ndani ya mfupa anaingiza shina la chuma, juu ya shina anavisha kichwa kipya, upande wa pili anakwangua lile tundu la nyonga ambalo gegedu yake (tabaka laini la kuteleza) imeisha anaweka kikombe, na ndani ya kikombe kuna bitana, mara nyingi ya plastiki. Shina, kichwa, kikombe, bitana, vishike hivyo vinne maana huko chini navitaja sana. Ila mzee aliyeanguka akavunjika shingo ya paja mara nyingi anawekewa nusu tu, yaani shina na kichwa, tundu lake mwenyewe linaachwa.

Dokta mmoja kasema titani, mwingine kobalti-kromu, nani mkweli?

Wote wanaweza kuwa wakweli kwa sababu huenda wanaongelea vipande tofauti. Titani inapendwa kwenye shina na kikombe cha nje kwa kuwa mfupa unaikubali na kuota ukishikana nayo, halafu haijakakamaa kama kobalti-kromu. Hilo la kukakamaa ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, shina gumu kupita kiasi linabeba mzigo wote peke yake, na mfupa usiobeba mzigo unakonda. Lakini titani hiyohiyo ukiifanya kichwa ni hasara, inakwaruzika upesi, ndo maana kichwa kinakuwa cha kobalti-kromu au seramiki, yaani kauri ngumu. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kutembea na titani, seramiki na plastiki ndani ya nyonga moja. Mimi ningekushauri uache kuuliza chuma gani, muulize daktari nini kitasuguana na nini, hapo ndo utapata jibu la maana.

Ati ndani kuna plastiki? Si itaisha kama ndala?

Inaisha kweli, swali ni kwa kasi gani, na hapa ndo historia yote ya hii operesheni ilipo. John Charnley, daktari wa Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1950 alianza na Teflon, ile ile ya kupakwa kwenye vikaango, kwa kuwa inateleza vizuri sana. Wagonjwa walifurahi, afu ndani ya miaka michache tu Teflon ikawa imelika vibaya na unga wake ukachafua kiungo chote ikabidi wafunguliwe tena. Jamaa alifika mahali akajiwekea unga huo chini ya ngozi ya paja lake mwenyewe aone mwili utafanyaje, kichaa kabisa ila ndo alivyokuwa. Mwaka 1962 akahamia polietilini nzito, na ndo inayotumika mpaka leo ikiwa imeboreshwa.

Sasa shida ya plastiki siyo kwamba itatoboka kesho. Kila ukitembea inatoa chembe ndogo mno, seli za ulinzi zinazimeza, zinashindwa kuziyeyusha, zinakasirika na kuita seli zinazokula mfupa. Mfupa unaliwa taratibu kuzunguka kiungo mpaka kinalegea, na unaweza usisikie maumivu yoyote huku eksirei inaonyesha mashimo. Ndo maana mnaambiwa mrudi kupigwa picha hata kama mnacheza mpira na wajukuu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 plastiki inapigwa mionzi ili nyuzi zake zifungane zaidi, na ulikaji umeshuka sana.

Basi si waweke chuma kwa chuma, plastiki itoke kabisa?

Walifanya hivyo, ikawatokea puani. Chuma kikisuguana na chuma kinamwaga kobalti na kromu kwenye nyama za jirani na kwenye damu, wengine nyama zikaoza, wengine wakapata uvimbe. Modeli moja iliyoitwa ASR, ya kampuni ya DePuy, iliondolewa sokoni mwaka 2010. Kama ulishawekewa ya chuma kwa chuma usipaniki, wengi wako sawa, ila nenda ukapimwe kobalti kwenye damu na usisubiri maumivu.

Seramiki inavunjika? Nasikia inalia pia.

Inaweza kuvunjika, ila za sasa zinazochanganya alumina na zirkonia (aina mbili za kauri) ni nadra mno. Kulia ni kweli, mlio kama wa bawaba, lakini hiyo ni seramiki juu ya seramiki. Seramiki juu ya plastiki haina hiyo kero, na kwa maoni yangu kwa watu wengi ndo chaguo lenye usumbufu mdogo.

Simenti ni ya lazima?

Siyo lazima. Yenyewe ni plastiki ya akriliki, ndugu wa ile ya meno bandia, inakorogwa palepale chumba cha upasuaji na kuganda baada ya dakika chache. Siyo gundi, inajaza nafasi kati ya shina na mfupa na kukaba. Mzee mwenye mifupa laini inamsaidia, kwa kuwa shina lisilo na simenti linagongwa kwa nguvu liingie na mfupa unaweza kupasuka.

Nina miaka 45, nikiweka sasa itanifikisha wapi?

Utafiti mkubwa uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2019 ulikuta karibu 58 kati ya 100 zinafika miaka 25. Na kumbuka hizo ziliwekwa zamani, nyingi zikiwa na plastiki ya kizamani. Kwa umri wako uwezekano wa kufunguliwa mara ya pili upo na ile ya pili ni ngumu zaidi, mfupa unakuwa umepungua. Ila kama hulali usiku na hata soksi unavalishwa, kungoja ufike 60 kisa kiungo ni kujitesa bure.

Hereni za bei rahisi zinaniwasha masikio, nitaweza?

Mwambie daktari mapema. Hereni kama hizo mara nyingi zina nikeli, na kobalti-kromu inaweza kuwa nayo kidogo. Shina la titani na kichwa cha seramiki vinakwepa hilo. Halafu hata aleji ikiwa haipo, ukishatoka hospitali mguu ukiwa mfupi ghafla na umegeuka na huwezi kuukanyagia, kiungo kimechomoka, na shavu la mguu likivimba na kuuma inaweza kuwa damu imeganda, yote mawili ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.