Jibu: Somalia imejiunga, mbona njia ya Kiunga bado yalipuka?

Ndugu yangu, umeuliza Somalia kujiunga na Mkataba wa Ottawa, ule unaopiga marufuku mabomu ya kufukiwa ardhini yanayolenga watu, kumetufaa nini sisi wa Lamu, ikiwa magari bado yanalipuliwa njia ya Kiunga.

Mkataba hufunga serikali. Kenya ilitia saini Desemba 1997 na kuuridhia 2001; Somalia ikaingia 2012. Nchi mwanachama haitumii, haiundi wala haiuzi mabomu hayo. Ina miaka 4 ya kuharibu akiba yake na miaka 10 ya kusafisha ardhi, ambayo huongezwa ikiombwa. Al-Shabaab hawakutia saini chochote, na msitu wa Boni, huu wa mpakani na Somalia, hauna lango la kukagulia mizigo.

Halafu kuna jambo wengi hulichanganya, hata hapa barazani kwetu Amu. Mkataba haukatazi kila bomu linalofukiwa. Unakataza lile linalolipuliwa na mtu mwenyewe kwa kulikanyaga, kuligusa au kulikaribia, liwe la kiwandani au la kuungaunga kichakani. Linalongoja uzito wa lori, au linalolipuliwa na mtu aliyejificha mbali, halimo. (Aliyekatika mguu hana haja na tofauti hiyo, najua.)

Faida ipo. Mwanachama ana haki ya kuomba msaada wa kutegua mabomu na kuwatibu majeruhi, na wenzake wenye uwezo wanawajibika kusaidia. Kinachonitia wasiwasi mimi ni wanaotoka: 2025 Lithuania, Finland na majirani zao waliamua kujitoa kwa kuihofia Urusi.