Baiskeli Bourgogne: njia tulivu za mizabibu

Ndugu, umeuliza wapi Ufaransa unaweza kuendesha baiskeli kwenye vilima vya mizabibu bila kusumbuliwa na magari. Nenda Bourgogne. Anzia mji wa Beaune, ushike njia ya baiskeli iitwayo Voie des Vignes (Njia ya Mizabibu) kuelekea Santenay, kilomita 20 na ushee. Inapita vijiji vya Pommard, Volnay, Meursault na Puligny-Montrachet, katikati kabisa ya mashamba: kuta fupi za mawe ya chokaa huku na huku, mizabibu imepogolewa chini chini hivi kwamba unaona bonde lote ukiwa juu ya kiti. Barabara ya D974 iache kabisa, ina magari mengi.

Ukitaka milima ya kweli, ukifika Meursault kata kulia kwenda Auxey-Duresses, kisha panda hadi Saint-Romain, kijiji kilicho chini ya majabali. Hapo gia nyepesi ni lazima, hasa ukiwa na mizigo.

Septemba huwa kuna mavuno. Utakutana na yale matrekta yenye miguu mirefu, yanayopita juu ya mistari ya mizabibu. Yapishe, wenyewe wako kazini.

Miguu ikichoka, kusini zaidi kuna Voie Verte (njia ya kijani, ya baiskeli na ya kutembea) ya Givry hadi Cluny, kilomita 44 juu ya njia ya reli ya zamani, kwa hiyo haina miinuko mikali. Ilifunguliwa 1997, na magari hayaruhusiwi.