Kifaa kinarusha SMS mfululizo kila baada ya siku hamsini: kukizima na kukiwasha si dawa

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi wa elektroniki mwaka wa tatu, Dar es Salaam, na jioni nafanya kazi kwa mtu anayefunga vifaa vya kupima maji kwenye matangi. Programu niliikuta, sasa mimi ndiye ninayeiendeleza. Kifaa kina Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta inayoendesha programu, na moduli ya GSM ya kutumia mtandao wa simu, na kila saa moja kinamtumia mteja SMS ya kiwango cha maji. Mezani hakina tatizo. Kwa wateja, baada ya mwezi na nusu hivi, kinarusha SMS mfululizo mpaka salio linaisha, halafu kimya. Tukikizima, tukakiwasha na kuweka vocha, kinarudi sawa. Bosi anataka tufunge soketi yenye taima ikizime kila usiku. Wenzangu wanasema niwashe taima ya mlinzi, ile inayoiwasha bodi upya programu ikiganda. Nifuate lipi? Mstari ninaoushuku ni if (millis() >= ijayo), na ndani yake baada ya kutuma kuna ijayo = millis() + 3600000, yaani muda wa SMS inayofuata ni sasa kujumlisha saa moja.

JIBU: Marahaba. Mstari unaoushuku ndio wenyewe, na hongera kwa kuusoma badala ya kukimbilia soketi.

millis() huhesabu milisekunde tangu bodi iwashwe, kwa namba ya biti 32. Ikifika 4,294,967,295, ambao ndio ukingo wake, hurudi sifuri, yaani baada ya siku 49 na saa 17 hivi. Katika saa ya mwisho kabla ya hapo, ukijumlisha 3,600,000 jibu linavuka ukingo na ijayo inageuka namba ndogo, huku millis() ikiwa bado kwenye mabilioni. Sharti linatimia kila mzunguko, yaani kila programu inaporudia maagizo yake, kwa hiyo SMS inatoka kila mzunguko mpaka millis() nayo irudi sifuri. Kuanzia hapo programu inaendelea vizuri kabisa. Kinachokosekana ni salio.

Acha kujumlisha, toa. Hifadhi muda wa SMS iliyopita, kisha andika if (millis() - iliyopita >= 3600000UL). Hiyo iliyopita iwe unsigned long, aina ya namba ya biti 32 isiyo na hasi, maana kutoa kwa namba zisizo na hasi huvuka ukingo bila kukosea. Usiiweke kwenye int, aina ndogo ya namba, ambayo kwenye Uno inaishia 32,767: hizo ni sekunde 32 tu.

Usisubiri siku hamsini nyingine kujua kama umepona. Andika kitendaji (kipande cha programu chenye jina lake) chako, tuseme saaYangu(), kinachorudisha millis() + 4294000000UL, na ukiite kila mahali palipokuwa na millis(). Punguza muda wa kutuma uwe dakika moja, na badala ya SMS andika kwenye skrini ya kompyuta. Ukingo utafika baada ya dakika 16 hivi. Anza na programu ya zamani, uione ikirusha kwa macho yako, ndipo uweke mpya. Ambaye hajaliona kosa likitokea hawezi kujua kama amelitibu.

Sasa hiyo taima ya mlinzi. Haitakusaidia hata kidogo, kwa sababu programu yako haijaganda. Inazunguka, inamjibu mlinzi kwa wakati, na inatuma SMS kwa bidii. Waliokushauri hawakuuliza kosa ni lipi. Wametaja dawa waliyoizoea.

Soketi ya bosi itafanya kazi, na hilo ndilo linaloniudhi. Kifaa hakitafika siku hamsini, SMS hazitarushwa, na kosa litabaki ndani likisubiri siku soketi itakapokufa au mteja atakapoichomoa achaji simu. Kosa la pili likiingia, kwa mfano kumbukumbu inayojaa taratibu kwenye baiti 2,048 za Uno, nalo litafunikwa kila usiku na mtaendelea kuuza. Nakutana na hili karibu kila wiki: geti la umeme, mashine ya vifaranga, kifaa cha kufuatilia gari, na kila mwenye nacho anaambiwa, "zima, washa."

Wapo wanaojitetea kwamba hata ndege huzimwa na kuwashwa. Kweli, mwaka 2015 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza umeme wa Boeing 787 uwe unazimwa kila baada ya muda, kwa sababu kihesabio ndani ya programu ya mitambo inayodhibiti jenereta kingevuka ukingo baada ya siku 248 mfululizo na ndege ingeweza kupoteza umeme wake wote wa AC (mkondo geu). Lakini soma mpangilio wake: sababu ilijulikana kwanza, siku zikahesabiwa, ikatangazwa, na kuzima kukawa kwa muda tu wakati programu mpya inaandaliwa. Bosi wako anataka kuanzia mwisho.

Kinachonitia hofu zaidi ni biashara ya programu zilizopikwa tayari. Mtu anauza bodi na msimbo kwenye magrupu ya WhatsApp, mwanafunzi anaubandika, taa inawaka, mradi wa mwaka wa mwisho umekwisha. Msimbo huohuo ndio unaohamia kwenye bidhaa. Mezani hakuna kifaa kinachokaa siku hamsini, wala umeme haukatiki katikati ya kutuma, wala moduli ya GSM haivuti ampea mbili ghafla kutoka kwenye adapta dhaifu iliyofungwa mwisho wa waya mrefu.

Kwa hiyo, wewe na wenzako mnaotafuta kazi za jioni kwenye programu za vifaa, kabla ya kuuliza mshahara ulizeni nani atausoma msimbo wenu kabla haujaenda kwa mteja. Kama jibu ni "wewe mwenyewe," mwenye kazi ametafuta mhandisi wa bei ya mwanafunzi, na lawama ya SMS zote hizo itakuja kwenu. Kazi kama hiyo mnaweza kuikubali kwa tangi la maji. Kwa kifaa kinachogusa umeme wa volti 230, breki au mgonjwa, kataeni, hata kama ada ya muhula haijalipwa.